Diski ya Nyumbani Huchaguliwa na Nyumba Yenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinavyozitengeneza vilielemewa na oda za vituo vya data vya akili mnemba. Wimbi hilo halikuchelewa kufika kwetu. Mpwa wangu anayeishi Unguja alikuwa ameshapiga hesabu za seva ndogo ya nyumbani: kompyuta ya kuenea kiganjani, ikae kando ya ruta, ihifadhi picha na video za ukoo mzima, aache kulipia nafasi ya mtandaoni kwa dola kila mwezi. Aliporudi dukani, SSD alizozichagua, yaani diski za chipu zisizo na sahani ya kuzunguka, zilikuwa zimeshapita uwezo wa mfuko wake. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Nisubiri bei ishuke, au ninunue diski ngumu za kawaida nimalize?"

Swali lake lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 20. Nimezishika diski katika vyumba vyenye joto, vyenye umeme wa kubahatisha na vyenye hewa ya chumvi, na kila mahali nimejifunza jambo ambalo boksi la dukani haliliandiki. Boksi huandika kasi. Mimi nimefikia msimamo kwamba kasi ndiyo ya mwisho kuulizwa. Kinachotangulia ni joto la chumba, umeme wa mtaa, hewa ya mahali, na kazi ambayo kila diski itapewa.

Nilianzia katika studio ya video za harusi Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizo tulirekodi kwa kanda za MiniDV, na saa moja ya kanda ikihamishiwa kwenye kompyuta ilikula gigabaiti 13 hivi. Harusi moja, kuanzia kicheni pati na sendofu hadi ukumbini, ilikaribia kujaza diski ya gigabaiti 80 kabla hujakata hata picha moja. Kanda zenyewe zilifutwa na kurekodiwa upya wiki iliyofuata, kwa hiyo diski ndiyo ilibaki kuwa harusi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu, chini ya bati, kompyuta zimevuliwa mifuniko na feni ya mezani imeelekezwa ndani yake.

Fundi wetu mkuu, mzee mtulivu, alitufundisha kusikiliza. Diski ngumu ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, mdogo kuliko chembe ya moshi. Sahani na vichwa vikianza kuchoka, sauti hubadilika. Alasiri moja diski yenye harusi ambayo bado haijahaririwa ilianza kugonga: tik, tik, kimya, kisha tik tena. Mzee aliinua mkono, sote tukanyamaza. Alisogeza kiti, akainamisha sikio karibu kabisa na kompyuta, kisha akaagiza tunakili kwanza dakika za ndoa yenyewe, baadaye wazazi, na ngoma mwishoni. Feni aliishika kwa mkono wake mpaka kazi ikaisha. Kesho yake diski ile haikusoma tena, lakini bibi harusi alipata video yake.

Hapo nilijifunza sifa ya kwanza ya diski ngumu: mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kufa. Taarifa hiyo ina faida tu ikiwa yupo wa kuisikia. Seva ya nyumbani hukaa peke yake usiku na mchana, na aliye karibu nayo huenda ni mtoto anayeangalia katuni. Ndiyo maana siku hizi nasisitiza kwamba programu ya seva iwekwe mipangilio ya kusoma ripoti za SMART, ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu hali yake, na itume ujumbe kwenye simu mara hesabu ya sehemu mbovu inapoanza kupanda. Mzee wetu alifanya kazi hiyo kwa sikio.

Kuhusu joto la chumba kile, nilipata maelezo miaka baadaye. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja katika vituo vyao, wakaonyesha kwamba joto la wastani haliui diski kwa kiwango kilichodhaniwa. Hatari ilionekana zaidi kwenye joto la juu sana, hasa kwa diski zilizozeeka. Somo hilo linamhusu moja kwa moja mwenye seva ndogo, kwa sababu udogo ndio unaofungia joto. Ukibana diski mbili za inchi 3.5 katika kasha lisilopumua na kulisukuma nyuma ya televisheni, umetengeneza lile joto la juu. SSD nazo hazijasalimika: zile nyembamba za NVMe hupata moto zikifanya kazi nzito, na zikifika nyuzi 70 au 80 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Zinahitaji kipande cha alumini mgongoni na mahali hewa inapopita.

Mwaka 2011 ulitufundisha umeme na bei kwa mkupuo. Nchi ilikuwa katika mgao mkali, na mitaa ya Kariakoo ilinguruma kwa jenereta kuanzia asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski ngumu hufanya jambo la ajabu: hutumia mzunguko wa sahani zake ambazo bado hazijasimama kuzalisha umeme kidogo, wa kutosha kurudisha vichwa mahali salama. Diski hunusurika. Faili lililokuwa likiandikwa ndilo hukatika, na mara nyingine jedwali linaloonyesha faili zote zilipo huvurugika pia. Tuliweka UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, kwenye kila kompyuta ya uhariri, na tangu hapo sijakubali kuacha diski ya aina yoyote ikitegemea umeme wa ukutani peke yake.

Mwaka huohuo, kuelekea mwisho, mafuriko yaliikumba Thailand. Nchi hiyo ilikuwa ya pili duniani, baada ya China, kwa kutengeneza diski ngumu, na viwanda vyake vikubwa vilisimama ndani ya maji. Athari zilitua Kariakoo haraka. Muuzaji aliyekuwa akikutajia bei kabla hujauliza, sasa alikuuliza kwanza unataka ngapi, halafu akaingia ndani kupiga simu. Bei zilipanda karibu maradufu, na zilichukua muda mrefu kurudi chini. Studio zilizokuwa zikisubiri nafuu ziliishia kufuta kazi za zamani ili kupata nafasi.

Kwa hiyo nilipomsikia mpwa wangu akiuliza kama asubiri, nilikuwa na la kumwambia. Mwaka 2011 zilipanda diski ngumu, safari hii zimepanda chipu. Mpango wa kuhifadhi kumbukumbu za familia usitegemee bei kurudi mahali fulani, maana picha hazisubiri: simu zinapotea, zinaanguka majini, zinaibiwa leo. Nunua ukubwa unaouhitaji sasa, kwa aina unayoimudu sasa, na uchague kasha lenye nafasi ya kuongeza baadaye.

Baada ya Kariakoo nilihamia Unguja, nikifanya kazi ya kutunza kompyuta za ofisi na nyumba za wageni upande wa mashariki, ambako upepo wa bahari huingia mpaka kwenye kabati. Nakumbuka mashine moja iliyokaa chumba chenye dirisha la wavu linalotazama ufukwe. Nilipoifungua, skrubu zilikuwa na kutu ya kahawia na miguu ya shaba ya soketi ya diski ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Niliichomoa diski, nikasugua sehemu zake za kugusania kwa raba ya penseli taratibu, nikapuliza vumbi, nikairudisha. Ikasoma. Mwenye mashine alikuwa ameshaanza kutafuta nyingine.

Pwani ilinifanya niitazame diski ngumu kwa jicho jipya. Nyingi zina tundu dogo lenye kichujio, la kusawazisha hewa ya ndani na ya nje, na pembeni yake kuna onyo la kutoliziba. Maana yake diski inavuta hewa ya mahali ilipo. Zile kubwa zilizojazwa gesi ya heli, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2013, zimefungwa kabisa na hazina tundu hilo. SSD haina tundu wala kitu kinachozunguka, na kwa mtu anayeishi karibu na bahari hiyo ni sifa nzuri. Hata hivyo sehemu zake za kugusania ni za metali vilevile, na chumvi haibagui. Nimesafisha SSD kwa raba ileile. Anayeishi pwani aitunze seva yake katika chumba kisichopigwa na upepo wa bahari, hata kama amenunua SSD ya bei kubwa.

SSD ya kwanza niliyoifunga katika mashine ya mteja ilinishangaza. Kompyuta mpakato iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka ilikuwa tayari kabla mwenyewe hajaketi vizuri. Teknolojia iliyo ndani yake si ngeni: kumbukumbu za flashi zilibuniwa Toshiba na Mjapani Fujio Masuoka, na aina ya NAND inayotumika kwenye SSD ilitangazwa mwaka 1987. Kilichokuwa kipya ni bei kushuka mpaka kutufikia sisi. Kwa muda mfupi mafundi wengi tuliamini kwamba habari ya diski kufa imekwisha.

Kisha ukaja mwaka ambao ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ilipata umeme wa kupepesa: unakatika, unarudi, unakatika tena ndani ya dakika moja. Asubuhi yake kompyuta ya mhasibu haikuiona SSD kabisa. Hakukuwa na tik, wala kupungua kasi, wala faili lililofunguka nusu. Niliihamishia kwenye mashine nyingine, hali ikawa ileile. SSD huandika kwanza katika kumbukumbu ya muda, na ina jedwali la ndani linalokumbuka kila kipande cha data kiko chipu gani. Jedwali hilo likivurugika, chipu zinaweza kuwa nzima na data isipatikane. SSD za seva kubwa huwekewa kapasita za kuzipa pumzi ya mwisho umeme ukikatika, lakini nyingi za nyumbani hazina. Fundi wa kuokoa data anaweza kuhangaika na diski ngumu iliyougua, akaambulia sehemu kubwa. Kwa SSD iliyonyamaza, kazi hiyo ni ngumu zaidi na gharama yake ni nzito. Ofisi ile ilinusurika kwa sababu hesabu zake zilikuwa zikinakiliwa kila jioni kwenye diski ngumu ya nje, ya bei ndogo kuliko zote mle ndani.

Kuna pia hatari ya soko. Mteja mwingine aliniletea SSD ya nje yenye maandishi ya terabaiti 2, aliyoipata kwa bei ya kutupa. Nikaifungua mbele yake. Ndani ya kasha zuri la alumini kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyochomekwa kwenye kipande cha saketi, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili kiongeze uzito. Ilikuwa imedanganywa ijitangaze kubwa, na ikijaa huandika juu ya ulichokwisha hifadhi. Tangu siku hiyo, diski yoyote mpya ninayoinunua hujazwa mwanzo hadi mwisho kwa programu ya kupima kama H2testw au F3, na kusomwa tena, kabla haijapewa picha hata moja. Kipimo hicho huchukua saa nyingi na hakina gharama.

Seva ya kwanza niliyoitengeneza kwa ajili ya familia ilikaa Tanga, nyumbani kwa Mama, na ilikuwa na diski mbili ngumu za inchi 3.5. Mama alikuwa wa kwanza kuitolea hukumu. Kasha lilikuwa juu ya rafu ya mbao, na usiku nyumba ikitulia, mtetemo wa diski ulipita kwenye ubao mpaka chumbani kwake. "Mwanangu, hicho kidude chako hakilali?" Tukaweka mpira chini ya miguu ya kasha, kelele ikapungua bila kuisha. Katika seva ndogo ya sebuleni, ukimya ni hoja nzito, na hapo SSD haina mpinzani.

Hoja ya umeme inahitaji hesabu. Diski ngumu ya inchi 3.5 inayozunguka muda wote hula wati 6 hivi. Mbili kwa mwaka mzima ni takriban uniti 105 za Luku. SSD mbili zilizotulia, kwa wati 1 kila moja, ni uniti 18 hivi. Kwa bei ya shilingi 350 kwa uniti, tofauti ni kama shilingi elfu 30 kwa mwaka. Kiasi hicho hakitoshi kulipia tofauti ya bei ya kununulia, kwa kuwa SSD huuzwa mara kadhaa ya diski ngumu kwa kila terabaiti. Faida ya wati hizo iko kwingine: UPS ndogo huishikilia seva ya SSD kwa muda mrefu zaidi umeme ukikatika, joto ndani ya kasha hupungua, na anayetumia sola hupumua.

Kuhusu kasi nayo, Tanga ilinisaidia kuacha maneno ya matangazo. Mtandao wa nyumbani wa gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Diski ngumu ya kisasa husoma video ndefu kwa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 550, na NVMe hupita elfu kadhaa. Waya ndio mwembamba, kwa hiyo anayetazama harusi ya zamani sebuleni hataona tofauti yoyote. Tofauti huonekana kwenye albamu. Simu ikifungua picha za wajukuu, seva hutafuta maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na kichwa cha diski ngumu kinaweza kuhama mara mia na ushei tu kwa sekunde. Mama alikuwa akifungua albamu na kusubiri miraba mitupu ijae mmoja mmoja. Tulipohamishia picha kwenye SSD, zilijitokeza palepale, na ndipo alipoanza kuitumia seva kila siku.

Wengi huogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Hesabu inawaondolea hofu. SSD nzuri ya terabaiti 1 ya aina ya TLC (biti tatu kwa kila seli) kwa kawaida huhakikishiwa kuandikwa terabaiti 600. Familia inayoongeza gigabaiti 50 kila siku, ambazo ni nyingi mno, ingehitaji zaidi ya miaka 30 kuzimaliza. Kamera za ulinzi ni habari nyingine: nne zinazorekodi mfululizo zinaweza kuandika zaidi ya gigabaiti 150 kwa siku, kwa hiyo zipewe diski ngumu. Anayenunua diski ngumu naye aulize kama ni CMR au SMR, njia mbili za kupanga data kwenye sahani. Mwaka 2020 ilibainika kuwa watengenezaji wakubwa walikuwa wakiuza baadhi ya diski za SMR bila kusema, na aina hiyo husuasua vibaya unapojaza upya diski iliyobadilishwa.

Jambo la mwisho nimelipima kwa joto la pwani. SSD huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya chipu, na chaji huvuja taratibu, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC, taasisi ya viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida kinadai ile iliyokwisha kutumika kikamilifu ihifadhi data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30. Iliyo mpya hudumu zaidi sana, lakini kabati la Tanga au Unguja hupita nyuzi 30 miezi mingi. Nakala ya kuweka kabatini bila kuchomekwa iwe kwenye diski ngumu, ambayo huandika kwa sumaku na haitegemei chaji hiyo.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo wahifadhi wengi huifuata: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya nyumba. Niliposoma kanuni hiyo baada ya yote haya, niliona kwamba imeshalijibu swali la mpwa wangu. Aina mbili. Nilimwambia hivi, na ndivyo ninavyomwambia msomaji anayepanga seva yake.

Ndani ya kasha dogo weka SSD, hata moja tu ya ukubwa wa wastani, ibebe picha na mfumo wa seva, kwa sababu ya ukimya, joto na albamu zinazofunguka. Chomeka UPS. Kisha nunua diski ngumu kubwa ya nje, inakili kila kitu mara kwa mara, uichomoe, uipeleke kwa dada au kwa jirani unayemwamini. Video ndefu na kamera za ulinzi zikizidi nafasi ya SSD, ziongezee diski ngumu yake. Na kama mwezi huu mfuko unaruhusu aina moja pekee, acha SSD: nunua diski ngumu mbili, moja ifanye kazi na nyingine ikae nyumba nyingine. Familia itavumilia miraba inayojaa polepole. Picha za mzazi aliyekwisha tangulia hazina duka la kuzinunua tena, kwa hiyo diski ya pili inunuliwe kabla ya diski ya kasi.